PubMed na Google Scholar zikipimwa kwa kazi za Denis Burkitt

Anayetaka kujua uzito wa kazi za mtafiti wa saratani ya damu huelekezwa kwanza kwenye huduma mbili zisizotoza ada: PubMed, kanzidata ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, na Google Scholar, iliyoanzishwa mwaka 2004. Nimezipima kwa kazi za Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na ambaye jina lake limebaki kwenye limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu, inayowapata hasa watoto wa maeneo yenye malaria nyingi.

Katika kutafuta, PubMed ni hodari. Makala yake ya mwaka 1958 katika jarida la British Journal of Surgery, inayoeleza uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika, imo, ingawa makala nyingi za miaka hiyo huorodheshwa bila ikisiri. Lakini ukiandika jina Burkitt peke yake utamiminiwa maelfu ya makala kuhusu ugonjwa, kwa kuwa jina hilo sasa ni istilahi rasmi ya kanzidata. Sharti uieleze kwamba unamtafuta mwandishi, na hata hapo wenye jina hilohilo la ukoo watajichanganya humo.

Google Scholar hutoa kile ambacho wengi hukitamani zaidi, yaani idadi ya mara ambazo makala imerejelewa, na hapo ndipo imani yangu ilipoanza kupungua. Ugonjwa unapoitwa kwa jina la mtu, waandishi wa baadaye hulitaja jina bila kuona haja ya kurejelea makala ya mwanzo, hivyo ufanisi wenyewe wa kazi huificha kwenye hesabu. Isitoshe, katika miaka ya 1970 Burkitt aliandika sana kuhusu nyuzinyuzi za chakula na magonjwa ya utumbo, na anayejumlisha marejeleo yake yote huchanganya limfoma na choo kigumu katika tarakimu moja. Kuhusu wasifu wa mtafiti, ambao mwenyewe huufungua na kuusimamia, mtu aliyefariki mwaka 1993 hana la kufanya.

Kuna pia mambo ambayo hakuna hesabu ya marejeleo inayoweza kuyaonyesha. Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, kilomita zipatazo 16,000, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine kuuliza kama uvimbe huo umeonekana. Ramani iliyotokana na safari hiyo na dodoso alizokuwa amezituma kwa posta ilionyesha kwamba ugonjwa hufuata joto, mvua na mwinuko wa ardhi, na baadaye yeye mwenyewe alitaja Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imedhibitiwa, kuwa mahali ambapo uvimbe huo ulikuwa nadra. Mapema mwaka huohuo alikuwa ametoa mhadhara London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti wa virusi Anthony Epstein, ambaye baadaye alipokea vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza katika The Lancet virusi walivyoviona ndani ya chembe zilizokuzwa kutokana na vipande hivyo, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Mhadhara ule ndio ulioibadili sayansi, nao hauna safu ya marejeleo.

Kwa mwanafunzi wa tiba ningependekeza kuanza na PubMed, kutafuta kwa jina la mwandishi pamoja na vifupisho vyake D na DP, kubana miaka kati ya 1958 na 1970, kisha kuitumia Google Scholar kuona nani aliendeleza hoja ipi, bila kuitazama tarakimu kama alama za mtihani. Upungufu mkubwa wa huduma zote mbili ni kwamba hukufikisha mlangoni tu: makala nyingi kamili hubaki kwa wachapishaji wanaodai malipo. Aliye katika chuo au hospitali amwulize mkutubi kama taasisi imejiandikisha Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaozifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida hayo bure au kwa ada ndogo.