Kuingia rahisi, kurudi ndani ndo kazi: mwaka mmoja na huduma ya kulogini kwenye mfumo wetu wa bukingi

Assalaam alaykum jamani. Sie tuna nyumba ndogo ya wageni Jambiani, Zanzibar, vyumba vinne tu, Ami ndo anakaa kule na funguo, mie niko mjini napokea bukingi na dada yangu anashughulika na hesabu. Mwaka jana ule mfumo wa bukingi tunaotumia ukatuandikia kuwa wanaachana na paswedi zao wenyewe, kuanzia sasa kulogini kote kutapitia kampuni nyengine ya nje ambayo kazi yake ni hiyo tu, kuthibitisha kwamba mtu ndo yeye. Jina lao silitaji. Nimekaa nao mwaka mzima na nna ya kusema, mazuri yapo na yaliyoniumiza yapo.

Kwa asiyejua inavofanya kazi, chukulia barua ya sheha, yaani yule kiongozi wa mtaa. Unakwenda ofisi fulani hawakujui, lakini sheha wa shehia yako anakujua, anakupa barua na mhuri, ofisi wanakupokea. Hawakuombi ufunguo wa nyumba yako. Ndo hivohivo, unabonyeza kitufe cha Google, Google anahakikisha ni weye, halafu anaupa ule mfumo wa bukingi kama barua tu, paswedi yako ya Gmail haitoki pale ilipo. Kwetu hii ilikuwa nafuu kubwa sana kwa sababu kabla ya hapo dada paswedi zote kaziandika nyuma ya kalenda ya ukutani pale mapokezi, mgeni yeyote anayesubiri chai angeweza kuzipiga picha, na mie nshamsema mpaka nimechoka. Skuizi kalenda iko safi. Kasi yake pia naisifu, unafungua simu, unagusa mara moja, uko ndani, hata siku mtandao unasuasua.

Ila sheha naye husafiri. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook ilizima karibu saa sita nzima, na WhatsApp na Instagram pamoja nayo, na waliokuwa wanaingilia kwengine kwa kitufe cha Facebook wakabaki nje ya mlango ambao wenyewe haukuharibika chochote. Mie nlikuwa nimeikumbuka siku ile, nkasema nyumbani kwetu kila mtu awe na njia mbili, Google na pia imeli na paswedi.

Hapo ndo tukapata balaa la kwanza. Dada alijisajili kwa imeli na paswedi, akafanya kazi wiki mbili vizuri tu, siku moja usiku akabonyeza kitufe cha Google, imeli ni ileile, akaingia akakuta patupu. Hakuna mgeni hata mmoja, hakuna hesabu. Alinpigia sauti inatetemeka, "bukingi zote zimefutika," na ilikuwa siku tatu kabla ya Idi, vyumba vyote tushapokea pesa ya awali. Sikulala. Kumbe hakikufutika kitu, ile huduma ilimhesabu dada kuwa watu wawili, mmoja wa paswedi na mmoja wa Google, huyu wa pili ndo kwanza kazaliwa usiku ule. Kitufe cha kuunganisha akaunti mbili kipo, lakini anakiona mwenye mfumo peke yake, sie wateja hatukioni, kwa hiyo sapoti ya mfumo wa bukingi wanatwambia waulizeni wale wa kulogini, na wale wanatwambia waulizeni hawa, siku nne. Imeli ni moja, imethibitishwa pande zote mbili, kuna ugumu gani kumuuliza mtu "ni weye yuleyule?" kabla ya kumfungulia akaunti nyengine?

La Apple nalisema kwa ufupi. Tangu 2019 wao wana kitufe chao, na mtu akitaka anaficha imeli yake, mfumo unapewa anwani ya kupitishia tu inayoishia na privaterelay.appleid.com. Kwa mgeni ni jambo zuri na sina ubaya nalo. Lakini mie nlimwandikia mgeni kutoka Gmail yangu kumwambia dereva atamsubiri wapi pale uwanja wa ndege, barua ikarudi, kwa sababu Apple anapitisha barua za anwani zilizosajiliwa na ule mfumo tu. Ukiona anwani ya namna hiyo mwandikie mgeni kwa kupitia humohumo ndani ya mfumo, usitoke nje.

Sasa nije kwa Ami, maana hili ndo lililonifanya nikae niandike.

Huduma ilitulazimisha hatua ya pili, zile namba sita zinazotoka kwenye programu ya simu na kubadilika kila sekunde 30. Kwangu ilikubali, kwa dada ikakubali. Kwa Ami kila akiandika namba inamwambia si sahihi. Anaandika polepole, miwani usoni, namba mojamoja, si sahihi. Akishakosea mara tano inamfungia nusu saa. Jumamosi moja wageni wamesimama barazani na mabegi na mtoto kalala begani kwa babake, Ami hawezi kuona chumba kipi chao wala kama wamelipa, mpaka mie nimtajie kwa simu kutoka mjini. Wiki mbili hivo. Sapoti nliwaandikia, wakasema aifute programu aanze upya, akafanya. Wakaniletea ukurasa wa maelezo wa Kiingereza. Nkajibu kuwa bado, wakaniletea ukurasa uleule, na mara ya tatu tena uleule. Ami akaanza kusema labda yeye keshakuwa mzee kwa mambo haya, na wallahi maneno yale yaliniuma kuliko bukingi yoyote, huyu ni mtu aliyeendesha nyumba ile kwa daftari miaka na miaka bila kupoteza shilingi ya mtu.

Nkapanda daladala nkaenda. Alasiri imeshaadhiniwa tumekaa barazani, nkamwambia Ami hebu naomba simu nione. Nkaiweka karibu na yangu. Yangu inasoma 16:07, yake inasoma 10:07.

"Ami, saa ya simu yako vipi?"

"Saa kumi na dakika saba. Kwani ya kwako mwanangu inasemaje?"

Na kweli ilikuwa saa kumi na dakika saba. Ami aliiweka simu yake isome saa kama sisi tunavoisema, aliitoa ile ya kujiweka wenyewe akaseti kwa mkono, na wazee wengi huku wanafanya hivo na hawajakosea kitu. Lakini zile namba sita zinapikwa kwa saa. Siku ya kwanza unapopiga picha kile kibox cha mraba, simu na huduma wanapeana siri moja, na baada ya hapo hawaongei tena, kila mmoja anachukua siri ile na saa ya wakati huo anapiga hesabu kivyake, majibu yakilingana unapita. Utaratibu huu ni wa wazi tangu 2011 na programu karibu zote za namna hii zinautumia, na uzuri wake hauhitaji bando wala mtandao kutoa namba. Sasa simu ya Ami ilikuwa inaamini ni asubuhi saa nne, inatoa namba za saa sita nyuma. Huduma inavumilia kupishana kidogo tu, nusu dakika hivi, saa sita haiwezi.

Nkarudisha saa ya kujiweka wenyewe, namba ikakubali mara ya kwanza. Ami akafurahi ila akaniuliza, sasa mie kila nikitazama simu nianze kutoa sita? Nkafikiri, nkapata njia, na hii chukueni maana itamfaa mtu: saa iacheni ijiweke wenyewe, lakini ukanda wa saa uchagueni kwa mkono, wekeni São Paulo, Brazil. Wako nyuma yetu saa sita kamili mwaka mzima, tangu 2019 waliacha kusogeza saa mbele na nyuma. Simu inasoma saa ya Kiswahili na ndani yake inajua wakati wa kweli, kwa hiyo namba zinakubali. Kitu kimoja, tarehe kwenye simu inageuka saa kumi na mbili asubuhi badala ya usiku wa manane, kwa hiyo kwenye bukingi Ami anatazama tarehe ya mgeni mara mbili akiamka. Mwenyewe hakuona tabu, kwetu siku huingia magharibi.

Afrika Mashariki wengi wetu tunahesabu saa namna hii. Mtu wa sapoti alitakiwa aulize swali moja tu siku ya kwanza, saa ya simu inasoma ngapi, na wiki mbili za mzee kujiona hafai zisingekuwepo. Na ule ujumbe wa si sahihi ungeongeza maneno matatu, angalia saa yako, ungetosha.

Kuhusu namba za SMS, kama mna mtu anayesafiri msizitegemee. Dada alikwenda Muscat kwa mwezi, laini yake ya huku haikushika kule, namba haziji, akakaa nje ya mfumo mpaka nlipomtolea zile kodi za akiba kumi, yaani namba za kuingilia ukikosa njia nyengine, ambazo nlizichapisha mwanzo nkaziweka kwenye mkoba wa hati za nyumba. Ukipewa zile kodi zichapishe siku hiyohiyo, picha ndani ya simu haisaidii simu ikipotea.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Mlangoni wako vizuri, nyota zote tano ningewapa, lakini ukishafungiwa nje hakuna mtu, kuna kurasa tu. Nimewaomba waweke maelezo ya saa kwa Kiswahili, nimewaandikia mwenyewe na tafsiri yake tayari, tiketi bado iko wazi. Ami jana kaingia mwenyewe saa tatu usiku, kampa mgeni chumba cha tatu, na hakunpigia simu.