Makopo matatu mbele ya deki moja: vanishi, mafuta ya kitani na mafuta yenye rangi

Deki tumeizoea kwa ndoo na tambaa, lakini hapa ni deki yenyewe: sakafu ya mbao iliyo nje, inayopigwa jua mchana na umande usiku, kama zile za nyumba za ufukweni Kigamboni au Nyali. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi kutafuta cha kuipaka, mara nyingi utawekewa mezani vanishi ya boti, mafuta ya kitani na mafuta ya mbao yenye rangi. Kopo linalovutia kuliko yote ndilo baya kuliko yote kwa kazi hii.

Vanishi ya boti hung'aa, na kwa mlango ulio chini ya kibaraza ni bidhaa nzuri. Kwenye sakafu ya nje inashindwa kwa sababu ni ngozi iliyokaa juu ya ubao. Mbao hunywa maji na kuvimba wakati wa masika, hukauka na kusinyaa kiangazi, na ngozi ile hupasuka kwanza kwenye vichwa vya mbao na matundu ya skrubu. Maji yakishaingia chini yake hayana pa kutokea. Vanishi hubanduka magamba magamba, na huwezi kupaka juu ya magamba: itabidi uipige msasa sakafu nzima hadi mbao itokee. Gharama ya vanishi haiko dukani, iko kwenye msasa huo.

Mafuta ya kitani hupenya vizuri, kwa hiyo hayabanduki. Chukua yaliyoandikwa "yaliyochemshwa", ambayo kwa kawaida hayajachemka popote bali yametiwa dawa ya kukausha; mabichi yanaweza kunata kwa wiki kadhaa. Udhaifu wake ni mwingine. Hayazuii jua, na kwa unyevu wa pwani ukungu huyala, hivyo sakafu hugeuka nyeusi yenye madoa. Tena matambara yaliyolowa mafuta haya hujipasha moto yenyewe na kuwaka yakiachwa yamekunjwa. Yatandaze nje moja moja hadi yakauke, au yatumbukize kwenye kopo la maji lenye mfuniko.

Kopo la kununua ni la tatu. Chembe za rangi ndizo zinazokinga mionzi ya jua inayokula mbao na kuifanya kijivu, kwa hiyo mafuta yasiyo na rangi kabisa usiyaguse hata kama muuzaji anayasifu. Yakichoka, haya yenye rangi hufifia tu bila kubanduka. Unasafisha na kupaka juu yake. Kasoro yake ni kwamba hayana mng'ao, na anayetaka sakafu ya kujitazama uso hatayapenda.

Hata hivyo kopo zuri haliokoi maandalizi mabaya. Baada ya masika subiri hadi mbao zikauke hasa. Julai hadi Septemba ni majira mazuri. Sugua kwa sabuni ya unga na brashi ngumu kufuata nyuzi. Jiki iache, hulainisha nyuzi na kula vichwa vya skrubu. Stilwaya nayo ni marufuku: vipande vyake vikishika kutu kwenye mvule au mninga huacha madoa meusi. Yakishatokea, asidi ya oksaliki gramu 30 kwa lita ya maji ya vuguvugu huyatoa. Vaa glavu na miwani, kisha suuza sana. Sakafu ikikauka, piga msasa namba 80 na uishie hapo. Ukienda hadi 180 mbao inakuwa laini mno, haifyonzi, na mafuta hubaki juu yakinata. Mtiki una mafuta yake ya asili, ufute kwanza kwa thina.

Lita moja hutosha takriban mita 10 za mraba kwa mbao ngumu iliyopigwa msasa. Mbao zilizokauka na kupasuka hunywa zaidi. Kwa sakafu ya mita 20 za mraba, mikono miwili (yaani kuipaka yote mara mbili), kopo la lita 4 halitakuangusha. Koroga hadi chini, maana rangi hutuama. Paka asubuhi umande ukishakauka au alasiri, si jua la utosi, kwani ubao wa moto hukausha mafuta kabla hayajazama. Fuata ubao mmoja mwanzo hadi mwisho, vichwa vyake vilishe mara mbili, na baada ya dakika 15 hadi 20 futa yote yaliyobaki juu. Kutofuta ndiko kunakoleta sakafu inayonata.

Ubao uliooza usiuzibe kwa putti. Choma kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, kata kutoka katikati ya boriti hadi katikati ya boriti nyingine na uweke mpya, ukiacha nafasi ya milimita 5 kwa jirani yake. Kwa ubao wa milimita 25 tumia skrubu za milimita 60, toboa kwanza kwa keekee, na karibu na bahari zitafute za stenlesi daraja la 316, zinazostahimili chumvi.

Baada ya hapo, kila baada ya miezi michache nyunyizia matone ya maji sehemu inayopigwa jua zaidi. Yakisimama kama shanga, acha. Yakizama ndani ya dakika chache, safisha na upake mkono mmoja tu, tena pale palipochoka.