Miezi miwili nikitafuta bingwa wa upasuaji Tabora: nyota nne, na ile moja niliyoinyima

Ndoo ya lita 20 ya asali haina kilo 20. Ina karibu kilo 28, muulize yeyote anayeshusha mzigo wa Sikonge pale mjini. Mimi nimezishusha tangu ujana, na kinena changu cha kulia kinaijua hesabu hiyo kuliko kichwa. Ngiri ya kwanza nilishonwa mwaka 2009. Nikaambiwa wiki sita nisibebe kitu kizito. Wiki ya tatu nilikuwa juu ya fuso. Kwa hiyo iliporudi mwaka 2024, upande uleule, sikuwa na wa kumlaumu, na mke wangu, Mama Shija, amehakikisha sisahau.

Aliyenishona mara ile alikuwa daktari msaidizi, wale tunaowaita AMO. Nalisema hili kwa heshima, maana huku kwetu na kule Kigoma watu hao wamebeba upasuaji kwa miaka mingi, akina mama wa kujifungua kwa kisu na ngiri za wanaume. Kazi yake ilikuwa safi, mimi ndiye niliyeiharibu. Ila tabibu mmoja wa mtaa wa Ng'ambo alinilaza, akanibonyeza, akatikisa kichwa: "Mzee wangu, palipowahi kufunguliwa pana makovu, nyama zimeshikana. Hii katafute bingwa."

Katafute bingwa. Kana kwamba wanauzwa Soko Kuu.

Mtu wa Tabora akisikia neno bingwa kwanza anafikiria Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Wa Nzega na Igunga wanafikiria za makanisa, Ndala na Nkinga. Ikishindikana huko kote ni kupanda basi la Mwanza, kwenda hospitali ya Bugando. Mwaka huohuo walipita pia madaktari bingwa wa Rais Samia, kwenye kambi za halmashauri. Mimi nilikuwa porini kwenye mizinga, nimerudi nakuta wameshaondoka. Kambi ni kitu kizuri, lakini haimsubiri mtu wa asali.

Nikaanza na hospitali moja binafsi. Mapokezi marumaru tupu, maji ya kunywa ya bure, dada anayekuita kwa jina. Nikamuuliza, "Atakayenikata ni nani?"

"Tunaye bingwa, baba."

"Anaitwa nani?"

"Anakuja."

Nikapata huduma zote isipokuwa hilo jina. Baadaye mhudumu mwingine akanitobolea: bingwa anatoka mkoa mwingine mwisho wa wiki, anakata waliopangwa, Jumapili jioni anapanda basi. Sina neno na daktari anayesafiri, riziki ni popote. Swali langu lilikuwa moja, Jumatatu kidonda kikivuja ananiona nani? Wakanitajia bei badala ya mtu: milioni moja na laki nne, nusu nianze kulipa leo, nikatwe Jumamosi hii. Haraka ya namna ile naijua. Ndiyo niliyo nayo mimi nikiwa na asali iliyoanza kuganda na mteja mgeni.

Rufaa yangu ya kweli aliniandikia muuza uji.

Shemeji yangu alikuwa amelazwa kwa kidole tumbo kwenye hospitali moja ya dini, nje ya mji. Nilipoenda kumwangalia nikaketi getini kunywa uji, nikajishika kinena bila kujua. Yule mama akaniuliza, "Ngiri, baba?" Anauza pale miaka na miaka, anaona nani anaingia kwa machela na nani anatoka kwa miguu, na nani anarudi baada ya wiki mbili ananuka usaha. Akasema, "Mngoje yule mfupi anayekunywa uji bila sukari. Wa kwake siwaoni tena hapa, labda wakija kumletea kuku." Nilishauliza manesi, nilishauliza mchungaji, hakuna aliyenipa jibu lenye ushahidi kama huo.

Nikarudi Jumatano. Kliniki ya upasuaji ni Jumanne na Alhamisi. Hakuna bango, na simu ya hospitali nilikuwa nimepiga mara tatu haipokelewi. Nikalala gesti ya shilingi 10,000 yenye kunguni wa shilingi 50,000.

Alhamisi daktari mwenyewe. Alinisimamisha, hakunilaza kwanza. "Kohoa." Akahamia upande wa pili, "Kohoa tena." Halafu akaniuliza usiku naamka mara ngapi kukojoa, na kama najikamua chooni. Nikajua huyu kakosea faili. Akanieleza taratibu kwamba mwanaume wa umri wangu akisukuma mkojo kwa sababu ya tezi dume, au akiwa na kikohozi kisichoisha, au choo kigumu, ngiri itashonwa leo na kurudi kesho, hata ashone malaika. Miaka kumi na tano nimehangaika na ngiri na hakuna aliyewahi kuniuliza habari za choo.

Nikamuuliza na mimi. Atakata nani? "Mimi. Daktari mwenzangu atanisaidia, ila kisu ni changu." Unaishi wapi? Akanionyesha dirishani nyumba ya bati jekundu. Ngiri zilizorudi umeshafanya ngapi? Akasema hakumbuki idadi ila mwaka ule zilikuwa nyingi, na mbili zilimsumbua, akanieleza zilivyomsumbua. Hapo ndipo aliponipata. Mganga asiyewahi kusumbuliwa mimi simwamini, awe wa kisu au wa mizizi. Binti yangu naye alishalitafuta jina lake kwenye simu, kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, akalikuta. Nikamwambia dokta tumekuchunguza. Akacheka, "Wangefanya hivyo wote."

Wala hakunikimbiza. Alisema yangu bado inarudi ndani nikilala, kwa hiyo nina muda wa kutafuta hela. Lakini ikigoma kurudi, ikawa ngumu, inauma na ninatapika, nisingoje kukuche, utumbo umebanwa na unaweza kuoza.

Hela: 620,000 jumla, pamoja na wavu, dawa na kitanda siku tatu, risiti kila hatua. Kadi yangu ya CHF iliyoboreshwa, bima ya mfuko wa afya ya jamii iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, pale haikutumika. Nikauza ndoo nne kabla ya bei kupanda. Iliniuma kuliko sindano.

Sindano yenyewe ni ya ganzi ya mgongo. Unakaa umejikunja kama unatafuta shilingi iliyoanguka, unachomwa, na dakika chache miguu inakuwa ya jirani. Nilikuwa macho muda wote. Nikauliza huo wavu ni kitu gani, nesi akasema, "Chandarua, mzee, ngiri isiumwe na mbu." Nikadhani ni utani. Dokta akasema ni wa kuimarisha nyama palipotoboka, na wangu ni wa kiwandani wa hospitali, lakini nesi hajakosea sana: Uganda walilinganisha wavu wa kawaida na kitambaa cha aina ya chandarua kilichotakaswa, kwa wanaume 302, matokeo yakachapishwa mwaka 2016, na baada ya mwaka mmoja hawakuona tofauti ya maana. Akanionya nisije nikawaambia watu wakate vyandarua vya watoto. Nimewaambia hivihivi na onyo lake.

Sasa nyota niliyoinyima. Hakuna aliyeniambia kwamba baada ya ganzi ile mkojo unaweza kugoma. Kuanzia jioni kibofu kinajaa, natamani, hautoki. Nesi wa zamu alikuwa mmoja kwa wodi nzima, na upande wa pili kulikuwa na ajali ya bodaboda. Hadi saa tano usiku nilikuwa nasoma dua za dini zote mbili. Alipofika akaniwekea mpira, dakika mbili nimepona, akasema, "Baba, hii huwa inatokea." Kama huwa inatokea, niambieni mchana! Kwa hilo, na kwa simu isiyopokelewa, nne kati ya tano.

Upande wa ndugu wa wagonjwa kuna banda lenye mafiga na maji ya bomba. Mama Shija alipikia hapo siku tatu, akanilisha uji na matobolwa ya kuloweka, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kurudi nyumbani na marafiki watano.

Jina la hospitali na la daktari sitaji. Huyu aliniomba, anasema foleni inamtosha. Ile ya marumaru haikuniomba, ila sitaki kesi. Anayetaka kumpata aende kwenye mageti, atafute muuza uji.

Nyuzi zilitolewa siku ya kumi, aliyezitoa ni yeye mwenyewe. Wiki ya nne fuso la Sikonge likafika, Shija yuko chuoni, kijana wa kushusha kachelewa, dereva anapiga honi. Nikainuka kwenye kigoda. Mama Shija akatoka ndani na ungo wake, akaikalia ndoo ya kwanza iliyoshushwa, akaanza kuchambua mlenda.