NIHMS: ni bure na inafanya kazi, ila haimwokoi asiyefungua barua pepe

Anayefanya utafiti wa tiba kwa fedha za NIH (Taasisi za Taifa za Afya) ya Marekani, awe Moshi, Eldoret, Kampala au Dar es Salaam, ataipitia NIHMS siku moja. Ndiyo kaunta ya kupokelea miswada: unakabidhi nakala yako, inakaguliwa, inageuzwa kuwa XML (muundo wa maandishi unaosomeka na kompyuta), kisha inawekwa PubMed Central (PMC), hazina ya makala za wazi inayoendeshwa tangu 2000 na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Hulipi hata senti. Tunaipa nyota 4 kati ya 5, na ile moja tumeikata kwa sababu ya sehemu mbili ambako muswada husimama na mfumo wenyewe hauna la kufanya ila kutuma kumbusho.

Kanuni ya NIH ya kufungua makala kwa umma imebana kuliko wengi wanavyoikumbuka. Tangu Aprili 2008 kukabidhi muswada ni lazima, lakini mwandishi aliruhusiwa kuuzuia usionekane na umma hadi miezi 12 baada ya kuchapishwa. Ruhusa hiyo imekwisha. Muswada uliokubaliwa na jarida tarehe 1 Julai 2025 au baadaye unatakiwa ukabidhiwe mara unapokubaliwa, na usomwe bure kuanzia siku makala inapochapishwa rasmi. Kinachohesabiwa ni tarehe ya kukubaliwa. Makala iliyokubaliwa Juni 2025 ikatoka Septemba bado inakwenda kwa kanuni ya zamani. Kwa hiyo ile barua pepe ya jarida inayosema muswada umekubaliwa itunzwe. Mkaguzi akiuliza, ndiyo utakayomwonyesha.

Wala tusidanganyane kwamba mzigo huu ni wa chuo cha Marekani peke yake. Taasisi iliyopokea mgao mdogo kutoka kwa mpokeaji mkuu nayo inabanwa, na makala ya mwanafunzi wa uzamili aliyelipiwa na D43, ruzuku ya NIH ya mafunzo ya utafiti ya kimataifa, inahesabika sawa na ya profesa. Zinazohusika ni makala za majarida zilizohakikiwa na wanataaluma. Sura za vitabu, mabango na mihtasari ya makongamano haimo.

Kazi yenyewe ya kukabidhi haichukui hata saa moja kama faili ziko tayari. Unaingia, unaandika jina la jarida na kichwa cha makala, unapakia faili, unaunganisha ruzuku, unaidhinisha. Nywila za zamani za NCBI, kituo cha maktaba hiyo kinachoendesha PMC, ziliondolewa mwaka 2021, hivyo sasa unaingia kwa akaunti ya nje kama ORCID (kitambulisho cha watafiti), Login.gov au eRA Commons (mfumo wa NIH wa kusimamia ruzuku). Unganisha angalau mbili kwenye akaunti moja. Aliyejisajili kwa akaunti ya chuo kisha akahamia taasisi nyingine hujikuta nje ya mlango, na orodha yake yote ya machapisho imebaki ndani.

Kwenye faili ndiko makosa mengi yanakoanzia. NIHMS inataka muswada wa mwisho uliokubaliwa, yaani toleo lenye masahihisho yote yaliyotokana na wahakiki, kabla mchapishaji hajalihariri na kulipanga kurasa. Watu hupakia PDF nzuri waliyoipakua kwenye tovuti ya jarida, na hiyo kwa kawaida ni mali ya mchapishaji. Wengine hupakia ile PDF iliyotengenezwa na mfumo wa jarida, yenye maandishi ya kuzuia usambazaji yaliyopita ukurasani na namba za mistari pembeni. Wengine tena hupakia Word ambayo bado ina masahihisho mekundu na maoni ya wenzao. Usafi unaotakiwa ni huu: Word moja iliyokubali mabadiliko yote, picha kila moja katika faili yake ikiwa na ubora wa kutosha, majedwali yanayoharirika badala ya yaliyopigwa picha, na viambatisho vyote vilivyokwenda kwa jarida. Barua ya majibu kwa wahakiki haihusiki. Kiambatisho kimoja kikisahaulika, muswada hurudishwa, na unasubiri upya.

Sasa ruzuku. Nambari ya NIH ina herufi na tarakimu 11 zinazohitajika: tatu za aina ya ruzuku, mbili za taasisi iliyoitoa, sita za mfululizo. Kwenye barua ya tuzo utaiona ndefu zaidi, kwa mfano 5R01AI1XXXXX-03. Ile 5 ya mbele inaonyesha aina ya maombi na 03 ya nyuma ni mwaka wa ruzuku, na zote mbili unaweza kuziacha. Makosa ya kawaida ni kuandika herufi O mahali pa sifuri, kudondosha sifuri ya mwanzo ya zile tarakimu sita, na lile kubwa kuliko yote kwa taasisi zetu: kuandika nambari ya mkataba wa mgao iliyotolewa na chuo cha Marekani. Nambari hiyo NIH haiitambui. Muombe mtafiti mkuu nambari ya ruzuku mama kabla hujaandika sehemu ya shukrani, maana ikishachapishwa vibaya, kuirekebisha ni safari ndefu ya kuandikiana na jarida.

Hapo pia pana tabia moja ya kuacha. Baadhi ya waandishi hutaja kila ruzuku waliyowahi kuiona ili kuwaridhisha wakubwa. Kila ruzuku iliyotajwa inafungwa na makala hiyo, na mtafiti mkuu wa ruzuku ambayo haikuchangia kitu atatakiwa aeleze kwa nini makala asiyoijua haimo PMC.

Tuje kwenye ile nyota iliyokatwa. Muswada unahitaji idhini mara mbili kutoka kwa mtu ambaye mfumo unamwita mhakiki, ambaye ni mwandishi au mtafiti mkuu (usimchanganye na mhakiki wa jarida). Mara ya kwanza anathibitisha kwamba faili ni kamili na kwamba haki zipo. Kisha muswada unaondoka kwenda kugeuzwa kuwa XML, kazi ya wiki kadhaa. Ukirudi, mtu huyo huyo anatakiwa aukague na kuidhinisha tena ndipo upewe nambari ya kudumu, PMCID. Kila hatua inaarifiwa kwa barua pepe. Ikiwa mhakiki ni mwandishi wa kwanza aliyemaliza shahada yake na anwani ya chuo imefungwa, au barua imeangukia kwenye taka, muswada unakaa pale pale. Mfumo hautampigia simu mtu. Na kwa kuwa idhini ya pili huja wakati watu wameshashangilia na kusahau, ndiyo inayokwamisha zaidi.

Dawa yake ni kumteua mhakiki ambaye ana sababu ya kujibu, na kwa kawaida huyo ni mtafiti mkuu wa ruzuku. Afisa ruzuku au msaidizi anaweza kupakia faili kwa niaba yake, ila kubonyeza idhini kunabaki kwa mhakiki. Anayekagua mara ya pili asisome nathari yote upya kana kwamba anahariri. Aangalie vitu vinavyoharibika katika ugeuzaji: alama za Kigiriki (mikrogramu ikisomeka miligramu ni hatari), milinganyo, mpangilio wa safu katika majedwali, maelezo ya chini ya picha, mfuatano wa majina ya waandishi. Ukiomba masahihisho, muswada unarudi foleni na kuidhinishwa tena, kwa hiyo yaombe yote kwa mara moja.

Tofauti kati ya PMID na PMCID inafaa kubandikwa ukutani. PMID inasema tu kwamba makala imeorodheshwa PubMed, faharasa ya makala za tiba. Haithibitishi kwamba umetimiza sharti. PMCID, ile inayoanza na herufi PMC, ndiyo ushahidi kwamba makala nzima imo. Muswada ukiwa njiani, nambari ya NIHMSID, ile unayopewa na NIHMS unapokabidhi, inakubalika kwa muda, hadi miezi 3 baada ya kuchapishwa. Baada ya hapo haikusaidii.

Adhabu inakuja kupitia ripoti ya mwaka, RPPR. Ripoti hiyo huchota makala kutoka kwenye orodha ya mtafiti mkuu katika My Bibliography, ukurasa wa NCBI wa kutunzia orodha ya machapisho, na kila moja ina kitone cha rangi: kijani imetimiza, njano iko njiani, nyekundu bado. Tangu Julai 2013 NIH huchelewesha kutoa fedha za mwaka unaofuata ikiwa kuna makala ya ruzuku hiyo isiyotimiza sharti. Ripoti hudaiwa siku 45 kabla ya mwaka mpya wa bajeti kwa ruzuku nyingi na 60 kwa nyingine, wakati kitone chekundu hakigeuki kijani kwa siku mbili. Anayeanza kuhangaika wiki ya ripoti ameshachelewa. Fedha zikisimama huko Marekani, mishahara ya wasaidizi wa utafiti wa Bagamoyo au Kisumu ndiyo inayosimama kwanza.

Taasisi iliyo mpokeaji mkuu impe mtu mmoja wadhifa wa PACR katika eRA Commons ili aweze kuingia kwenye PACM, chombo kinachoonyesha makala zote za ruzuku za taasisi hiyo pamoja na hali zake. Ni chombo kizuri, tena kinatumiwa kidogo mno. Kasoro yake ni kwamba taasisi yenye mgao mdogo tu haioni kitu humo, hivyo italazimika kuwa na jedwali lake: kichwa, jarida, tarehe ya kukubaliwa, nambari ya ruzuku, NIHMSID, PMCID, jina la mhakiki. Safu saba zinatosha.

Wachapishaji wengine hupeleka wenyewe. Jarida la wazi lililo na mkataba na PMC likiweka makala iliyochapishwa, NIHMS haikuhusu tena. Lakini mchapishaji akipeleka muswada tu ndani ya NIHMS, zile idhini mbili bado ni zako, na barua zinakwenda kwa anwani aliyoiweka yeye. Uliza jarida kwa maandishi: mnapeleka nini, wapi, lini? Uliza pia ada. Mwaka 2023 American Chemical Society ilitangaza ada ya dola 2,500 kwa mwandishi anayetaka kuweka muswada wake hadharani bila kusubiri. Kwa NIH, kuweka muswada PMC ni bure, hivyo usilipe chochote kabla ya kuongea na ofisi ya ruzuku. Kinga nzuri ni kuweka ukurasa wa kwanza wa muswada, kabla hujaupeleka kwa jarida, sentensi inayosema kwamba kazi imefadhiliwa na NIH na kwamba NIH ina haki ya kuufungua PMC siku ya kuchapishwa. NIH imetoa maneno yake, yanakili yalivyo. Usisaini mkataba wa mchapishaji unaoyapinga.

Kwa walio Tanzania, kibali cha kuchapisha cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kiombwe mapema, kabla muswada haujakwenda kwa jarida. Ukikisubiri baada ya kukubaliwa, saa ya NIH itakuwa inakimbia huku faili yako iko mezani kwa mtu mwingine.

Muswada ukikwama, usipakie mpya: nakala mbili za makala moja huongeza mkanganyiko kwa wanaouchakata. Andikia dawati la msaada la NIHMS, taja NIHMSID, eleza mhakiki yuko wapi na nani achukue nafasi yake.