Uzoefu wangu na chuo cha udereva wa malori: nililipia tela, tela halikusogea

"Dogo, wewe umekuja hapa kutafuta leseni au umekuja kunifundisha kazi?" Sentensi hiyo niliambiwa mbele ya wanafunzi wenzangu 11, na ingawa imekwisha kupita miezi kadhaa, bado hunijia usiku tunapoegesha lori njiani na usingizi ukawa mbali. Aliyeisema alikuwa mkufunzi wa vitendo katika chuo cha udereva ambacho sitakitaja jina, kilichopo pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Mimi niliyeitwa dogo nina umri wa miaka 34, na nimekuwa utingo wa malori ya mizigo kwa muda mrefu kiasi kwamba mizani ya Vigwaza naijua kuliko mtaa niliozaliwa. Nilichokuwa nimeuliza ni jambo dogo tu: kwa nini tela tulilolilipia halijafanyiwa mazoezi hata siku moja tangu mafunzo yaanze.

Nianze kwa kukiri kosa langu, kwa maana sipendi malalamiko ambayo mlalamikaji anajitoa ndani yake akiwa malaika. Nilijua kwamba Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo pale Mabibo, na nilijua kwamba VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, nao hufundisha udereva, lakini mtu anayeingia Dar kwa siku mbili na kuondoka tena na mzigo wa Tunduma hana subira ya kungoja kozi ianze kwa tarehe iliyopangwa na wengine. Nilitaka cha haraka. Chuo hiki kilikuwa na bango kubwa barabarani lenye picha ya kichwa cha lori kikivuta tela refu katika kona za mlima, na dada wa mapokezi alinikaribisha kwa soda baridi, akaniita kaka kila baada ya maneno matatu, akaniambia kwamba kundi linaanza Jumatatu. Nilipouliza kama tela lenyewe lipo, alinipeleka dirishani akanionyesha. Lilikuwepo kweli, limesimama mwisho wa uwanja. Mimi, utingo mzima, niliyezoea kuzunguka gari nikigonga matairi moja baada ya jingine kabla ya safari, sikutoka nje kwenda kulitazama kwa karibu. Nilihesabu fedha nikampa, nikajinunulia mbuzi kwenye gunia.

Siku niliyolisogelea ndipo nilipoona kwamba nyasi zilikuwa zimeota hadi usawa wa ekseli. Miguu yake ya kusimamia ilikuwa imezama ardhini, matairi mawili ya upande wa kushoto hayakuwa na upepo, na mabomba ya breki yalikuwa yamepasuka-pasuka kwa jua. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba pengine kuna fundi anayekuja.

Ilikuwa ama juma la pili ama la tatu walipojaribu kuliunganisha, kwa sababu tulikuwa tumeanza kunung'unika. Kichwa kilirudishwa nyuma taratibu hadi chini ya tela, tukasikia mlio ule mzito wa pini kufungwa, nasi tukapiga makofi kama watoto. Kisha mabomba yakachomekwa, na pale pale yakaanza kupiga mluzi kama birika la chai. Asiyejua malori anaweza kudhani kwamba upepo ndio unaokaza breki za tela linapokuwa limeegeshwa, kumbe ni kinyume: kinachokaza ni springi, na upepo ndio unaozifungua. Kwa hiyo bomba likivuja, springi zinabaki zimekaza, na tela haliendi popote hata ukilivuta kwa vichwa viwili. Mkufunzi alikanyaga mafuta, kichwa kikanesa, vumbi likatimka, tela likabaki pale pale. Alijaribu mara tatu. Kisha akazima injini, akateremka, akasema tuendelee na Fuso, lori fupi lisilo na tela.

Ndipo nilipouliza. Niliuliza kwa adabu, nikianza na neno mwalimu, ingawa kiumri nadhani nimemzidi. Nilisema kwamba bomba la namna ile hupatikana katika maduka ya vipuri na kwamba mimi mwenyewe nimekwisha kulibadilisha njiani usiku kwa tochi ya simu, hivyo kama ofisi ingeruhusu tungelifunga siku hiyo hiyo. Ndipo akanijibu hayo niliyoyataja mwanzoni. Baadhi ya wenzangu walicheka. Mmoja wao, kijana aliyekuwa hajawahi hata kulala ndani ya lori, alicheka hadi akashika goti. Mkufunzi akaniamuru nikae pembeni chini ya mwembe, akawapa wengine zamu yangu ya Fuso, nami nikakaa pale hadi adhuhuri nikiwatazama wakizunguka uwanja kwa gia ya pili. Sijawahi kulipa fedha zangu mwenyewe ili nikae chini ya mwembe, na sitarajii kurudia.

Kwa wale watakaosema kwamba nakuza jambo dogo, naomba waelewe kwamba kujua Fuso si kujua tela. Gari fupi linaporudi nyuma, unapeleka usukani upande uleule unaotaka mkia wake uende. Tela linataka kinyume chake: ukilitaka liende kulia, unaanza kwa kupeleka usukani kushoto, kisha unaufuata mkunjo wake kabla haujakushinda, yote hayo ukiwa unatazama vioo na huku mtu nyuma anakupigia kelele. Hilo halifundishwi ubaoni. Linataka tela linalotembea.

Hata hivyo, lazima nitende haki. Darasa la nadharia lilikuwa zuri, na katika hilo simung'unyi maneno. Lilifundishwa na mama mmoja mtu mzima, mpole, ambaye alituchorea mlima Kitonga ubaoni akatuuliza dereva anayeteremka kutoka Iringa akiwa na shehena ya shaba anachagua gia wakati gani. Sisi sote tulitaja sehemu mbalimbali za mteremko. Yeye akasema kwamba tumekwisha kuua watu, kwa kuwa gia huchaguliwa juu, kabla ya kuanza kushuka. Akaeleza jinsi dereva anayeegemea breki za miguu peke yake anavyozipasha moto hadi zinaacha kushika, jinsi kuzipiga-piga mfululizo kunavyomaliza upepo kwenye matangi kuliko injini inavyoweza kuurudisha, na kwa nini kazi kubwa ya kulizuia lori inapaswa kufanywa na injini yenyewe. Nimepanda na kushuka Kitonga mara nyingi nikiwa upande wa abiria, lakini siku hiyo ndiyo niliyoelewa kilichokuwa kikifanyika mikononi mwa bosi wangu. Kwa ajili ya mama huyo nilikuwa tayari kukipa chuo nyota tatu kati ya tano, na hata kumsamehe yule mkufunzi, ambaye huenda naye hulipwa kwa kusuasua.

Nafuta maneno hayo. Nilirudi ofisini baada ya mafunzo kuomba nirudishiwe japo sehemu ya ada iliyohusu tela, na yule dada aliyekuwa akiniita kaka hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Aliniuliza kama nilipata leseni. Nikasema nimepata, daraja E, imo mfukoni. Akasema, "Sasa wewe unadai nini?" Hakuniita kaka, wala hakukuwa na soda. Hapo nilitambua kwamba swali lake na lile la mkufunzi lilikuwa swali moja, na kwamba pale ofisini wote wanaamini kweli kwamba mtu huja kununua kadi.

Kadi hiyo niliipeleka kwenye kampuni moja ya usafirishaji iliyokuwa ikitafuta madereva. Walinipa kichwa chenye tela tupu, wakaniambia nilirudishe katikati ya matela mawili yaliyoegeshwa. Kabla sijafika nusu, kichwa na tela vilikuwa vimekunjana kama kisu cha mfukoni. Mzee aliyekuwa akinipima aligonga mlango kwa kiganja, akasema kwa upole, "Basi, mdogo wangu, nenda ukajifunze kwanza." Upole huo uliniuma kuliko tusi.

Kilichonifundisha hatimaye ni viberiti viwili. Tulikuwa tumesimama Ruaha Mbuyuni, bosi wangu akinunua vitunguu vya nyumbani, nami nikamsimulia aibu yangu. Aliketi kwa mama ntilie, akaunganisha viberiti viwili kwa njiti moja, akaviweka juu ya meza, akaniambia nisukume cha mbele kwa kidole. Nilisukuma hadi chai ikapoa. Tangu hapo, kila tunapofika yadi na kukiwa na nafasi, huniachia usukani kwa robo saa, na juzi nimeliingiza mstarini bila kushuka kutazama.

Kama unatafuta pa kujifunzia, usiulize kama tela lipo. Waombe waliunganishe mbele yako na walivute hatua 10 kabla hujafungua pochi, na wakikuambia kwamba dereva wa kichwa ametoka kidogo, toka nawe.

Nilipita pale hivi karibuni. Tela bado limesimama na mtu ameanika shuka juu yake, ila bango limepakwa rangi upya. Nimeambiwa pia kwamba yule mama wa nadharia ameondoka, kwa hiyo hata sifa nilizozitoa hapo juu msizihesabu.