Grinda ya meno kwa espreso ya nyumbani: uzoefu wangu na ya mkono, kisha ya umeme

Naanza na jibu kabisa ili asiye na muda aondoke nalo: ukitaka espreso nzuri nyumbani, hela yako nyingi ipeleke kwenye grinda, yaani kifaa cha kusagia kahawa, kabla ya mashine ya kuitengenezea espreso, na kwenye grinda kitu cha kwanza kuangalia ni jinsi inavyorekebishwa, yaani hatua zake ni ndogo kiasi gani na ukishaiweka mahali inatulia au inahama. Mota kubwa, skrini, hopa (chombo cha juu cha kuwekea punje za kahawa) ya kuvutia, hivyo vyote vije baadaye. Mi nimetumia ya mkono kwa muda mrefu, sasa hivi niko na ya umeme yenye meno bapa ya kipenyo cha milimita 64, na zote nitazisema.

Hizi za kisu tuzimalize haraka. Ile yenye kipande cha chuma kinachozunguka chini haisagi, inakatakata hovyo, unakuta vumbi na nusu punje kwenye chombo hichohicho. Kwa kahawa ya kuchemsha unaweza ukavumilia, kwa espreso haifai hata kidogo. Grinda ya meno ina vipande viwili, kimoja kimetulia kingine kinazunguka, na punje haitoki mpaka iwe ndogo kulingana na nafasi uliyoiacha katikati yake. Hiyo nafasi ndo unayoinunua.

Kwa nini espreso inasumbua kuliko kahawa nyingine? Mashine inasukuma maji kwa presha ya kama bari 9, na kinachoyazuia yasipite mbio ni ile kahawa uliyoshindilia kwenye basketi, kile kikombe cha chuma chenye matundu chini, basi. Ukisaga kubwa kidogo tu maji yanakimbia, kikombe kinajaa kabla hujajipanga, kahawa inakuwa chachu na nyepesi. Ukizidisha ulaini inadondoka tone tone, chungu, inakausha ulimi. Wengi tunaanzia gramu 18 za kahawa zitoe gramu 36 za espreso kwa sekunde 25 mpaka 30 hivi, sio sheria ila ni mahali pazuri pa kuanzia. Sasa chukua grinda ambayo hatua zake ni pana: namba fulani inakupa sekunde 18, unasogeza hatua moja tu kwenda laini inaruka hadi 40, na pale katikati unapopataka wewe hapapo kabisa kwenye grinda yako. Utabaki unaongeza nusu gramu, unapunguza nusu gramu, unashindilia kwa nguvu, na kila siku ladha tofauti. Hili ndo tatizo ambalo watu wanalilaumu kwenye mashine wakati mashine haina kosa lolote.

Ndo maana namba za mikroni zina maana. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. 1Zpresso J-Max, ya mkono, kila mlio wa kurekebisha, yaani hatua moja, unasogeza meno mikroni 8.8, ilitengenezwa kwa kuifikiria espreso. Comandante C40 ni grinda nzuri sana na ina heshima yake lakini mlio wake mmoja ni kama mikroni 30, kwa kahawa ya kuchuja ni raha tupu, kwa espreso hatua zinakuwa kubwa ndo maana wakatoa kifaa cha kuongezea kinachozigawa nusu. Upande wa umeme Baratza Encore ESP wamefanya kitu cha akili, namba 1 hadi 20 ni hatua ndogo ndogo za espreso halafu 21 hadi 40 ni pana kwa ajili ya kuchuja. Eureka Mignon na Niche Zero hazina hatua kabisa, unazungusha tu na kusimama popote. Zisizo na hatua zina uhuru kuliko zote ila ukihama kwenda kahawa ya kuchuja kisha urudi, lazima uwe umeweka alama au umeandika ulikuwa wapi, la sivyo unaanza upya.

Hapa niweke angalizo. Angalia basketi ya mashine yako kwanza. Kama chini ina kitundu kimoja kidogo, hiyo ni basketi yenye presha, yenyewe inatengeneza ukinzani na povu hata kwa kahawa ya kusagwa ya paketi, kwa hiyo tofauti ya grinda hutaiona yote. Ukiweka basketi ya kawaida yenye matundu mengi, hapo grinda inaanza kuongea.

Sasa ya mkono. Ladha yake kwenye kikombe ilikuwa nzuri kiasi kwamba sioni aibu kumwambia mtu mwenye bajeti ndogo aanze nayo, tena kwa moyo mkunjufu, kwa sababu hela yako karibu yote imeenda kwenye meno na uimara wa mhimili badala ya mota. Haina kelele, asubuhi watu wamelala wewe unasaga bila kumkera mtu. Kahawa inayobaki ndani ni kidogo mno. Shida inakuja na punje zilizokaangwa kidogo, zile za rangi ya hudhurungi nyepesi, ni ngumu na zinataka usage laini zaidi, mkono unafanya kazi kwelikweli. Zilizokaangwa sana zinavunjika kirahisi, hizo hata hutazisikia. Na wakija wageni wanne watano, kila mmoja anataka chake, gramu 18 mara nyingi mfululizo, hapo bega linajua. Nilihamia umeme kwa sababu hiyo tu, ladha haikunifukuza.

Ya umeme niliyonayo naisagia dozi moja moja, napima punje kwenye mizani, namimina, nawasha, zinatoka zote. Sipendi hopa iliyojaa kwa sababu punje zinakaa wazi na zinapoteza harufu, na pia napenda kubadili kahawa. Ukitumia hopa kumbuka ndani ya grinda inabaki kahawa ya jana, ukibadilisha mpangilio shoti ya kwanza, yaani espreso ya kwanza utakayoitoa, ni mchanganyiko wa zamani na mpya, usiihukumu, saga kidogo umwage ndo upime. Na kwenye meno bapa ukitaka kwenda laini zaidi yasogeze wakati mota inazunguka, usikaze ikiwa imezimwa na kahawa imebaki katikati ya meno.

Meno bapa au ya koni? Watu wanagombana sana hapa. Kwangu mimi bapa zinanipa ladha zilizojitenga, unasikia tunda ni tunda na chokoleti ni chokoleti, za koni zinanipa kikombe kizito kilichoungana vizuri, kitamu sana kwenye maziwa. Kama kahawa yako mara nyingi ni ya maziwa usijisumbue kutafuta bapa, koni nzuri itakufurahisha. Faida nyingine ya hizi milimita 64 ni kwamba ni kipimo kinachotumika na grinda nyingi, kwa hiyo meno ya kubadilisha yanapatikana ya aina tofauti tofauti bila kununua grinda mpya, hilo kwangu lilikuwa na uzito mkubwa wakati wa kuchagua.

Kitu ambacho hakikunifurahisha ni umeme tuli. Kahawa ilikuwa inaruka, inaganda kwenye mdomo wa grinda, mezani unga umetapakaa. Dawa yake ni rahisi ajabu: kabla ya kusaga unapulizia punje maji kidogo sana, mpulizo mmoja, unazikoroga, ndo unamimina. Hii sio imani ya watu wa kahawa tu, mwaka 2023 utafiti wa Christopher Hendon wa Chuo Kikuu cha Oregon na wenzake ulionyesha maji kidogo yanapunguza chaji na mabonge, na espreso inapita taratibu zaidi na kutoka nzito zaidi. Kwa hiyo ukianza kupulizia maji, tegemea kurekebisha tena usagaji wako, muda wa shoti utabadilika. Baada ya kusaga nachambua unga ndani ya basketi kwa sindano nyembamba ndo nashindilia, hii inasaidia maji yasitafute njia moja ya mkato, maana yakiipata sehemu moja inakamuliwa mpaka uchungu na nyingine inabaki mbichi.

Kelele ipo, siwezi kuificha, ukiwa na mtoto mchanga ndani ya nyumba lifikirie hilo. Na meno mapya yanataka kuzoea, mwanzoni mpangilio ulikuwa unahama hama, nikawa najiuliza kama nimeuziwa kimeo, ilipopita kahawa ya kutosha ikatulia.

Usafi: fungua, brashi kavu, basi. Usioshe meno ya chuma kwa maji, yatapata kutu, na ile habari ya kusaga mchele ili kusafisha achana nayo, mchele ni mgumu unaweza kuumiza mota na baadhi ya watengenezaji wanaukataza waziwazi. Mafuta ya kahawa yakikaa yanavunda na unayasikia kwenye kikombe, hasa kama unatumia iliyokaangwa sana, kwa hiyo safisha kabla hujaisikia hiyo harufu.

Kama unanunua leo na unaweza kuishika grinda kabla ya kulipa, fanya hivi: itafute sifuri yake, sehemu meno yanapoanza kugusana, ukisogea taratibu utasikia mlio mwembamba. Halafu hesabu kuanzia hapo mpaka sehemu inayosagia espreso kuna hatua ngapi. Zikiwa mbili tatu tu, irudishe kwenye rafu hata kama ni nzuri kwa macho. Zikiwa nyingi, sasa jaribu kuutikisa mhimili kwa kidole, ukicheza kushoto kulia hizo hatua zote hazina faida maana meno hayatakaa pale ulipoyaweka.