Fundi fremu wa Mbuyuni na tembo wangu wenye mabawa

Wadau wa Moshi, kama una picha ya zamani ambayo ukiipoteza huipati tena, kuna fundi fremu karibu na soko la Mbuyuni, kibao chake hakina jina kimeandikwa FREMU NA VIOO basi. Mpelekee. Mimi nimempelekea kitu ambacho simpi mtu hata akishike na kimerudi salama ndo maana naandika.

Kitu chenyewe ni jalada la santuri ya kwanza ya bendi ya Osibisa, ya 1971. Ilikuwa ya baba mdogo wangu, alikuwa anakaa Majengo na gramafoni yake. Nilikuwa na miaka saba hivi, nimetumwa kiberiti sebuleni, nikalikuta jalada limeegemea ukuta, tembo wanaruka angani jamani, wana mabawa kama ya mdudu! Tembo niliyekuwa namjua ni wa kwenye kitabu cha shule, kasimama tu. Kiberiti nikasahau kabisa mpaka baba mdogo akanifuata, nikajua leo nakula makofi, kumbe akanikalisha kwenye kochi akaniwekea lile jalada mapajani akasema angalia ila vidole usiweke. Upande mzima wa santuri ukaisha bado naangalia.

Ukubwani ndo nikaja kujua mchoraji ni Roger Dean wa Uingereza, na Osibisa ni kina Teddy Osei wa Ghana na wenzao wa Karibi waliokutana London. Na uchoraji wenyewe wa namna ile, wanaita saikedeliki, ulishika moto miaka michache kabla kwenye mabango ya madansi kule San Francisco, 1966 na 1967. Wes Wilson alikuwa anazivuta herufi mpaka zinajaa bango zima kama ndimi za moto, ukitaka kusoma inabidi usimame. Ila wangu mimi ni Victor Moscoso, huyu alisoma Yale kwa Josef Albers, mwalimu wa rangi haswa, yeye anachukua rangi mbili zinazopingana, tuseme nyekundu na kijani, zote kali sawasawa, anazigusanisha, basi jicho linashindwa kujua ipi iko mbele na pale zinapokutana panatetemeka. Mimi nachapa tisheti kwa skrini na hadi leo tisheti zangu zinazonipa raha kuliko zote ni zile nyekundu imelala na kijani bila mstari mweusi katikati.

Sasa turudi kwenye fremu. Kwanza nilienda duka lingine mjini, silitaji, wakataka kukata sentimita mbili pembeni lienee kwenye fremu waliyonayo halafu wabandike kwa gundi ya mbao. Nikalichukua mbio, ila walishapiga selotepu kona moja, kuibandua ikaondoka na rangi kidogo, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Niliumia sana, bado naumia.

Huyu wa Mbuyuni alinawa mikono kwanza. Akafuta, akapima, sentimita 31 na nusu kila upande, akaniuliza, "Mama, unataka ionekane au unataka itunzwe?" Nikamwambia vyote. Gundi haikugusa jalada kabisa, alikunja vipembe vinne vya karatasi vikashika kona, akaweka kadibodi ya kuzunguka ili kioo kisilale juu ya picha, maana masika unyevu ukiingia picha inanasa kwenye kioo na hapo ndo basi tena. Nyuma kaziba pote, vumbi wala mdudu hapiti.

Tulibishana kidogo kwenye rangi ya kadibodi. Yeye alitaka nyekundu, eti ndo inapendeza. Sikumwambia hapana, nilimwomba ashike nyekundu halafu kijivu asogee mpaka mlangoni aangalie mwenyewe. Akasimama pale muda, akainamisha kichwa huku na huku, akasema "aa, nyekundu inagombana na tembo." Tukaweka kijivu. Fundi wa kukubali jicho lake mwenyewe hivyo ni wachache sana.

Mapungufu yapo. Alisema siku nne zikawa tisa na hakupiga simu. Kioo ni cha kawaida, kinarudisha mwanga, usiku taa inakaa katikati ya picha, visivyong'aa hana. Bei yangu ilikuwa elfu 55 na kioo ndani, nusu unatanguliza. Na alinionya nisitundike panapopigwa na jua kwa sababu linakula rangi, nimeweka ukuta wa nyuma ya meza ya kuchapia.

Jumapili hafungui. Mwezi ujao nampelekea Woyaya, santuri nyingine ya Osibisa, jalada la Dean pia, 1971 hiyo hiyo, lina doa la maji kona ya chini na nataka nisikie atasema nini.